Skrini Sita za Mzee Anaeli

Mteja akiniuliza anunue kadi gani ya picha, ile inayoendesha skrini za kompyuta, huwa simjibu mpaka nimekalia kiti chake. Wengine huona najishaua. Wanataka niwatajie jina la kadi, niifunge, waendelee na mambo yao. Lakini nimehudumia kompyuta za Ukumbi wa Mnada wa Kahawa hapa Moshi kwa miaka kumi na minne, na nilichojifunza ni kwamba mtu hajui anatazama nini. Atakuapia kwamba anatumia skrini nane. Ukikaa pale kwake unakuta tano zinaonyesha hali ya hewa na picha za wajukuu.

Basi desturi yetu mafundi ni hiyo. Fundi anakaa, muuzaji anasimama nyuma yake, na kompyuta inarudia mnada wa wiki iliyopita kama ulivyokuwa, ofa kwa ofa. Sharti ni moja tu: habari za kiti hazitoki na fundi. Jinsi muuzaji anavyotazama ndiyo siri yake ya kazi, na wapo washindani ambao wangefanya lolote kuijua. Fundi anayeropoka hakalishwi tena kwenye kiti cha mtu.

Mzee Anaeli Lyatuu aliniita Jumanne asubuhi. Ukumbi ulikuwa umetangaza kwamba kuanzia msimu mpya, ofa ya mnunuzi itakaa kwenye skrini sekunde moja badala ya tatu, kisha inafutika. Kila muuzaji alikuwa anabadilisha mashine. Yeye anawauzia wakulima wa Mrieny kahawa yao, kaya mia tatu na kumi na mbili, na kahawa ya kila kaya inapigwa mnada peke yake, na picha ya chanja zake za kuanikia. Ofa ikipita bila kujibiwa, kaya hiyo inasubiri wiki nzima.

Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba huku akinivutia kiti. Mzee huyu ndiye aliyenipa kazi yangu ya kwanza. Nilipotoka chuo, kila mlango niliobisha waliniambia wanamtafuta fundi, wakinitazama kana kwamba nimekuja kuuza maandazi. Yeye alisema mwacheni Nsia afungue mashine yangu, ikimshinda nitauza kwa kupiga kelele kama babu yangu. Sijasahau. Hata duka langu, wateja kumi wa kwanza aliniletea yeye.

Alikuwa na skrini sita, tatu juu na tatu chini, zimepinda kidogo kumzunguka. Malalamiko yake ni kwamba kadi yake imekuwa mvivu. Ofa zinamjia kwa kuchelewa, alisema, kama zimepitia kwa jirani kwanza. Alishajua anachotaka: kadi mpya ya aina ya mfuasi, ile kubwa, ambayo wauzaji wenzake wawili walikuwa wameifunga.

Nieleze hapa, maana ndipo mambo yote yalipo. Watu hudhani skrini nyingi zinahitaji kadi yenye misuli. Si kweli. Chati ya bei ni mistari na tarakimu, haina uzito wa michezo ya vijana. Cha kwanza unachotazama ni matundu, kwamba kadi inaweza kuchomekwa skrini ngapi. Cha pili ni utulivu, isije ikazima skrini moja katikati ya mnada. Cha tatu ni joto na kelele za feni. Kadi mbili za kawaida zilizo pacha, kila moja matundu manne, zingemtosha mzee yule na skrini mbili za ziada juu yake.

Lakini wauzaji wengi siku hizi hutumia kadi tunazoziita wafuasi. Mfuasi ana kamera ndogo juu ya kila skrini, anajua jicho lako liko wapi, na pale linapotua ndipo anapochora kwa makini. Kwingine anachora juujuu tu, umeme usipotee bure. Pia anajifunza. Anapima ni ofa zipi unazijibu haraka na zilikuwa zimekaa wapi. Ukimruhusu, anachukua ofa iliyotokea mbali na kuihamishia mahali utakapoiona upesi. Hilo tunaliita leta karibu, na yote aliyojifunza juu yako, yanayokaa ndani ya kadi, tunayaita mazoea. Kadi ya zamani ya mzee nayo ilikuwa mfuasi.

Nilikaa kitini, mzee akasimama nyuma, nikaanzisha mnada wa Alhamisi iliyopita.

Mwanzoni nilidhani kuna hitilafu. Kila ofa iliyotokea skrini za kushoto ilikuwa inateleza kwenda kulia kabla sijaisoma. Ya juu ilishuka, ya chini ilipanda. Ndani ya dakika mbili kila kitu kilikuwa kimejikusanya katika duara dogo, kulia kidogo mwa katikati, ambalo ningeweza kulifunika kwa sinia. Nilipohamisha macho, duara likanifuata. Skrini mbili za kushoto zilibaki tupu kabisa, zinawaka tu.

Nilimuuliza kama hizi mbili huwa anazitumia. Akasema anatumia zote sita, hata moja haiwezi kupunguzwa. Alisema hivyo kwa uhakika wa mtu anayetaja jina lake.

Hapo nikaelewa. Mashine ilidhani mimi ndiye yeye, maana mazoea ni ya kiti, na ilikuwa inanipangia dunia kama inavyompangia yeye kila Alhamisi. Lile duara halikuwa hitilafu. Lilikuwa umbo la kile ambacho Mzee Anaeli bado anakiona.

Akaniuliza nasemaje. Nikasema nitampa jibu Jumamosi. Akanitania kwamba siku hizi nimekuwa na maringo kama daktari, namtazama mgonjwa halafu namwambia aje kesho kutwa. Nilicheka, lakini kicheko hakikutoka vizuri.

Dukani nilifunga mlango mchana kweupe, nikakaa mbele ya meza ya kazi. Sikuwa nafikiria macho yake. Nilikuwa nafikiria shingo.

Miaka mitatu nyuma mzee alinijia akilalamika shingo. Inamuuma upande mmoja, kila siku ya mnada, mkewe amemsugua dawa zote zilizoko nyumbani. Nilikwenda, nikamtazama anavyofanya kazi, nikaona anageuza kichwa kushoto kila mara. Nikajiona mjanja. Nikamwambia mzee, shingo haina kosa, skrini zako ndizo zimekaa mbali. Nikawasha leta karibu. Wiki mbili baadaye maumivu yakaisha na akamsimulia kila mtu ukumbini kwamba Nsia anatibu shingo kwa kompyuta. Nilipata wateja sita kwa sifa hiyo.

Kumbe alikuwa anageuza kichwa kwa sababu jicho lilikuwa limeanza kumnyima upande ule. Shingo ndiyo iliyokuwa inamsemea, na mimi nikainyamazisha. Halafu kila macho yalipopungua kidogo, kadi ikasogeza ofa kidogo, taratibu, bila kumwambia mtu, kwa miaka mitatu. Ndiyo maana aliiona mvivu. Ilikuwa inabeba kila kitu kutoka upande mmoja wa meza kwenda mwingine kabla ya kumpa.

Nilimpigia binamu yangu ambaye ni muuguzi wa kliniki ya macho, nikajitia naulizia habari za mteja asiye na jina. Alisema hiyo inafanana na presha ya macho, ila mtu apimwe kwanza. Alisema haiumi, na mwenye nayo haoni giza lolote, anaona tu kwamba dunia iko sawa. Kilichokwisha potea hakirudi. Kilichobaki mara nyingi kinaweza kulindwa kwa dawa ya matone, asubuhi na jioni, ila isicheleweshwe. Nikamuuliza kuchelewa ni kiasi gani. Akasema kila mwezi una maana.

Juu ya meza nilikuwa nimeweka kadi mbili zile pacha, na pembeni mfuasi mpya ndani ya boksi lake. Nikazitazama kwa hasira, kana kwamba zimenikosea. Nikimpa mfuasi mpya na kumhamishia mazoea yake, msimu ujao atauza vizuri kuliko wote ukumbini. Kadi ile ina nguvu, itabeba ofa zote bila kuchelewa hata kidogo. Hatalalamika tena. Duara litaendelea kupungua na yeye hatajua, mpaka siku moja pasiwe na mahali pa kumletea kitu. Kadi ilivyo bora ndivyo atakavyochelewa kujua.

Nikimpa zile pacha, ambazo hazifuati jicho la mtu, Alhamisi ya kwanza ataanguka mbele ya ukumbi mzima, na kaya za Mrieny zitaanguka pamoja naye. Na nikimwambia, itabidi nimwambie yote, pamoja na habari ya shingo. Nakiri kwamba hilo la mwisho ndilo lililoniuma zaidi. Nilijiambia sharti la fundi linanikataza kusema. Lakini sharti linasema habari za kiti zisitoke nje, halisemi mwenye kiti asiambiwe. Nilikuwa natafuta mlango wa kutorokea, basi.

Ijumaa nzima sikula vizuri. Jumamosi nikapiga moyo konde, nikazibeba kadi zote tatu.

Ukumbi ulikuwa mtupu, wafagiaji tu. Mzee alikuwa amefika kabla yangu, amevaa koti, amenyoa, kama mtu anayekwenda kuposa. Nilifunga zile pacha mbili nikamwomba akae, nikamwambia hizi hazina mazoea yoyote, nataka nione anavyofanya kazi zikiwa uchi. Alinung'unika kwamba ameomba mfuasi, si masufuria haya. Lakini akakaa, akaweka vidole kwenye kibao, nami nikaanzisha mnada wa mwezi mmoja nyuma.

Ni mtu wa kuangalia akifanya kazi. Anajibu ofa kama anachambua mchele, bila haraka, na anayakumbuka majina ya wakulima wote. Kwa dakika kumi nilisimama nyuma yake nikiwa nimeshikilia mkanda wa mkoba wangu. Katikati na kulia hakukosa hata moja. Kushoto ofa zilikuja, zikawaka, zikafutika, zikaacha alama nyekundu moja baada ya nyingine.

Mnada ulipokwisha akanyoosha mikono, akaridhika.

"Hizi sufuria zako si mbaya," alisema. "Ila siku ile nimeisahau. Kumbe wanunuzi walikuwa wachache namna hii?"

Nikavuta kiti nikakaa kulia kwake, mahali ambapo nilijua ananiona.

"Wanunuzi walikuwa arobaini na mmoja, mzee. Umewajibu ishirini na wawili. Naomba ugeuze shingo, utazame zile mbili za kushoto."

Akageuza. Skrini mbili zilikuwa zimejaa wekundu toka juu mpaka chini, na kando ya kila alama nyekundu palikuwa na picha ya chanja za mtu. Akarudisha uso mbele. Akageuza tena. Alifanya hivyo mara tatu, polepole. Nilitamani niwe mtu mwingine.

Nikamweleza yote. Nilianza na duara, nikaja kwenye maneno ya binamu yangu, nikamalizia na shingo, na hapo sikujipaka mafuta. Nilimwambia kwamba miaka mitatu nyuma mwili wake ulikuwa unaomba daktari, na mimi nikaufungia mdomo kwa kubonyeza kitufe kimoja, kisha nikajisifu. Nilimwambia samahani, nikasikia neno lenyewe lilivyo dogo.

Aliuliza ni kiasi gani kimepotea katika miaka hiyo mitatu. Nikasema sijui, ila kadi ya zamani imeweka kumbukumbu zote, na daktari anaweza kuzisoma siku baada ya siku. Akauliza kama nimemwambia mtu. Nikasema hapana, hata binamu yangu sikumtajia jina, habari za kiti hazitoki.

"Basi nifungie mfuasi," alisema. "Yule mkubwa. Na mazoea yangu yote. Nimalize msimu huu tu, Nsia. Watu wa Mrieny wameshavuna. Nani atawauzia?"

Alikuwa ananiomba. Mtu aliyenifungulia mlango ananiomba, na kazi yenyewe ingenichukua robo saa. Nikamwambia nikifanya hivyo nitakuwa nimemfunga kitambaa usoni mara ya pili, na safari hii nikijua. Akapandisha sauti. Akasema macho ni yake, kiti ni chake, na mimi ni fundi, si mama yake. Nikamjibu kwamba ni kweli, na kwamba akiondoka hapa akaenda kwa fundi mwingine atafungiwa kabla ya saa sita mchana, mimi sina la kumzuia. Lakini mikono yangu haitafanya.

Akanyanyuka, akaenda mpaka dirishani. Mfagiaji mmoja akapita akamwamkia, akaitikia bila kugeuka. Mimi nikabaki natazama zile alama nyekundu. Ghafla nikaona nimekuwa nabishana juu ya kadi kama wateja wangu wanavyobishana, hii au ile, wakati swali halikuwa hilo. Kadi kumsaidia si kosa. Kosa ni kwamba ilikuwa inamsaidia bila kumwambia.

Nikamwita. Nikamwambia naweza kumfungia mfuasi mpya, nikamhamishia mazoea yake kama yalivyo leo, kisha nikayafunga kwa ufunguo. Kadi itaendelea kumletea ofa ndani ya duara la leo, ila haitalipunguza tena hata kwa upana wa kucha. Na pembeni mwa duara, upande wa kushoto, nitamchorea mstari mwembamba wa kijani. Kokote atakakotazama, mstari utamfuata, ukikaa pale pale jicho lake linapoishia. Siku atakayotazama mbele asiuone, atajua amepoteza kitu, na atajua siku hiyo hiyo.

Alirudi kitini. Akauliza swali ambalo sikulitegemea, kwamba je, mwenyekiti wa wakulima naye anaweza kuuona mstari huo akikaa hapa. Nikasema yeyote atakayekaa atauona.

"Mpigie Bi. Foibe," alisema. "Aje akae. Asije akasikia kwa watu kwamba kahawa yake inauzwa na nusu mtu."

Nikamwambia asijiite hivyo. Akasema atajiita anavyotaka, leo ni siku yake.

Bi. Foibe Temba, mwenyekiti wa wakulima wa Mrieny, alifika mchana akiwa bado na udongo kwenye viatu. Nilikuwa nimemaliza kazi. Mzee mwenyewe ndiye aliyemweleza, kwa maneno machache, mimi nikasimama kando. Halafu akampisha kitini. Mama yule alikaa pale mnada mzima, mikono mapajani, akitazama dunia ikijikunja na kuwa duara, na mstari wa kijani ukimfuata. Alipomaliza alikuwa anafuta machozi kwa upande wa kanga. Alisema hatampa mtu mwingine kahawa ya Mrieny wakati Anaeli bado ana hiki. Ila Jumatatu anakwenda naye hospitali yeye mwenyewe, na kila Alhamisi atakaa kushoto kwake, asome kwa sauti ofa za skrini mbili zile kabla hazijateleza. Mzee alianza kukataa. Bi. Foibe akamwambia hajamuuliza.

Daktari alithibitisha ni presha ya macho. Alizichukua kumbukumbu za kadi, akakaa nazo kwa siku mbili, akasema hajawahi kumpata mgonjwa ambaye ugonjwa wake umeandikwa hivyo, kila wiki ya miaka mitatu. Mzee alinisimulia hayo kama jambo la kunifariji. Halikunifariji, ila nilimshukuru. Alipewa matone, na akaambiwa ajizoeze kugeuza kichwa, kwa kazi na kwa kuvuka barabara.

Mimi nilipita kwenye viti vyote nilivyowahi kuwasha leta karibu. Vilikuwa kumi na tisa. Nilichora mstari kwa kila kimoja, nikamweleza kila mwenye kiti kwa nini, bila kumtaja mtu. Wawili walinifukuza. Mmoja alirudi baada ya wiki, akaniomba namba ya ile kliniki, hakusema zaidi.

Msimu mpya sasa una miezi mitano. Kila Alhamisi kabla ya kengele ya mnada, mzee hukaa kitini, hutazama mbele kuutafuta mstari, kisha hunitumia ujumbe. Sifungui duka mpaka nimeupata. Wateja wamezoea kunikuta nimekaa kizingitini na simu mkononi, na wanadhani nina mchumba.

Alhamisi iliyopita ujumbe haukuja. Kengele ya saa tatu ilipita. Saa tatu na nusu nilikuwa nimeshafunga mkoba na kuvaa viatu, simu ikatikisika. Alikuwa ameandika kwa herufi kubwa, kama anavyoandika siku zote: SHINGO INANIUMA SANA. MSTARI NAUONA.